Mwaka mmoja wa ‘Ubaya Ubwela’: Usajili wa Simba ulilipa wapi, ulikwama wapi?

Mabao 42. Hayo ni mabao ya Ligi Kuu Bara msimu wa 2024/25 yaliyofungwa na watu watatu tu wa Simba: Jean Charles Ahoua 16, Steven Mukwala 13 na Leonel Ateba 13. Msimu wa nyuma yake hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Msimbazi. Wote walitua kwenye dirisha moja la usajili, lile la katikati ya 2024 ambalo klabu iliamua kubomoa nyumba na kuanza na msingi mpya.

Sasa weka namba ya pili mezani. Msimu huohuo Simba ilikutana na Yanga mara tatu. Agosti 8, 2024 kwenye nusu fainali ya Ngao ya Jamii ikalala 1-0. Oktoba 19 kwenye ligi, 1-0 tena. Juni 25, 2025, mechi ya kufungia msimu na ya kuamua bingwa, 2-0. Dakika 270, bao sifuri.

Ukitaka kuujadili usajili ule kwa haki, lazima ubebe namba zote mbili. Wanaobeba ya kwanza peke yake wanaona dirisha bora kuliko yote ya miaka ya karibuni. Wanaobeba ya pili peke yake wanaona hela imeliwa. Mitandaoni makundi haya mawili hayasikilizani, na kila moja lina ushahidi mkononi.

Kwa nini nyumba ilibomolewa

Msimu wa 2023/24 uliacha kidonda. Yanga ilishinda 5-1 kwenye dabi ya Novemba 5, kocha Robertinho akaondoka, akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka kabla msimu haujaisha, na Juma Mgunda akapewa kazi ya kumalizia. Simba ilimaliza ya tatu ikiwa na pointi 69, sawa na Azam, lakini Azam ikapita kwa tofauti ya mabao na kuchukua tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ikabaki na Kombe la Shirikisho.

Juni 2024 mabadiliko yakaanzia juu. Salim Abdallah ‘Try Again’ aliachia uenyekiti wa bodi, Mohammed Dewji ‘Mo’ akarudi kwenye kiti hicho. Kisha ikaanza orodha ya kwaheri. John Bocco, nahodha wa enzi za mataji manne mfululizo, akaondoka. Saido Ntibazonkiza akaondoka. Henock Inonga akaenda FAR Rabat ya Morocco. Na lililouma kuliko yote, Clatous Chama akavuka barabara kwenda Yanga.

Hapo panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu Chama ndiye alikuwa kipimo cha mashabiki wengi. Ilisemwa Simba imemwachia adui silaha. Mwaka mmoja baadaye picha ni tofauti: Chama alipata medali ya ubingwa Jangwani, ila hakuwa mtu wa kuamua mechi kama alivyokuwa akiwa na jezi nyekundu, na msimu ulipoisha akahamia Singida Black Stars. Kumwacha kulikuwa uamuzi sahihi wa kimpira. Namna alivyoondoka, bure na kwenda kwa mtani, ndiyo haikuwa sahihi, na kosa hilo litarudi tena kwenye hadithi hii.

Waliolipa

Kipa Moussa Camara hakuwa hata kwenye mpango wa awali. Ayoub Lakred aliumia wakati wa maandalizi ya msimu, klabu ikakimbilia Guinea kumchukua Camara kutoka Horoya. Usajili wa dharura ukazaa kipa bora wa ligi, mechi 19 bila kuruhusu bao. Ana tabia ya kutoka golini kana kwamba kuna mtu anamwita, na siku nyingine mashabiki hushika vichwa. Lakini usiku wa Al Masry, robo fainali ya Shirikisho iliyofika hatua ya matuta, ni yeye aliyepangua penalti na kuivusha timu.

Ahoua alitoka Stella Club ya Ivory Coast akiwa na tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya kwao. Amefunga mabao 16 akiwa kiungo, akawa mfungaji bora. Wapo wanaomtoa kasoro kwamba penalti zimemsaidia kufika hapo. Kweli zimemsaidia, lakini mpigaji wa penalti hachaguliwi kwa kura ya mashabiki, anachaguliwa kwa sababu anafunga. Na frikiki iliyoizamisha Stellenbosch 1-0 pale Zanzibar, bao pekee la nusu fainali nzima, haikuwa penalti.

Abdulrazack Hamza ndiye dili ambalo halikupigiwa kelele. Mtanzania, beki wa kati, alitoka SuperSport United ya Afrika Kusini, akachukua namba pembeni ya Che Malone Fondoh na kuishika. Klabu zetu hutumia fedha nyingi kutafuta mabeki Afrika Magharibi wakati nafasi za wageni zina ukomo. Beki mzawa anayecheza kila wiki anakuachia nafasi ya mgeni mmoja zaidi mbele. Faida hiyo haionekani kwenye takwimu za mechi.

Elie Mpanzu naye ni wa kundi hili ingawa alichelewa. Simba ilimalizana naye baada ya dirisha kubwa kufungwa, akasubiri hadi dirisha dogo la Desemba ndipo akaanza kucheza. Kuanzia hapo winga ya Simba ikapata mtu wa kumkimbilia beki ana kwa ana. Bao lake na la Mukwala ndiyo yaliyorudisha 2-0 ya Al Masry.

Waliokwama

Pembeni nyuma mambo hayakwenda. Kelvin Kijili aliletwa kumpumzisha Shomari Kapombe upande wa kulia, Valentin Nouma kumpumzisha Mohamed Hussein ‘Tshabalala’ kushoto. Msimu ukaisha, Kapombe na Tshabalala bado ndio wenye namba. Bahati mbaya ya Kijili ni kwamba atakumbukwa kwa jambo moja: bao la kujifunga dakika za mwisho kwenye dabi ya Oktoba.

Bao hilo linastahili hesabu. Kabla ya mechi ya Juni 25, Yanga ilikuwa na pointi 79, Simba 78. Kama mechi ya Oktoba ingeisha suluhu, Simba ingekuwa na 79 na Yanga 77, na siku ya mwisho sare tu ingetosha kurudisha kombe Msimbazi. Badala yake Simba iliingia uwanjani ikilazimika kushinda, ikafunguka, ikapigwa mbili. Yanga ikamaliza na 82, Simba ikabaki na 78 zake.

Katika mechi 30 za ligi Simba ilishinda 25, ikatoa sare 3 na kupoteza 2. Mechi zote mbili ilizopoteza ni za Yanga. Maana yake ni kwamba dhidi ya timu nyingine 14, kikosi kipya hakikupoteza mechi hata moja. Yanga yenyewe haikuweza hilo, ilifungwa na Azam na Tabora United. Kwa maneno mengine, usajili wa 2024 ulitengeneza timu inayojua kuwafunga wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye sababu usajili wenyewe ulifanyika.

Kiungo ndipo panapoeleza sehemu ya tatizo. Debora Fernandes alianza kwa moto, akafunga hadi kwenye Simba Day dhidi ya APR, kisha akapoa. Augustine Okejepha hakupata nafasi ya kudumu. Mwisho wa siku mzigo wa katikati ukabaki kwa Fabrice Ngoma, aliyekuwepo tangu zamani, na Yusuph Kagoma.

Na Kagoma ana kisa chake. Yanga ilidai mchezaji huyo alikuwa amesaini kwao, shauri likafika TFF. Wakati huohuo Awesu Awesu alikuwa na mvutano na KMC, na beki Lameck Lawi alikuwa ametangazwa na Simba ilhali Coastal Union inasema biashara haijakamilika. Lawi hakuwahi kuvaa jezi ile. Majina matatu, mivutano mitatu, dirisha moja. Skauti walifanya kazi yao vizuri mwaka ule. Ofisi ya mikataba ndiyo iliyokuwa inahema.

Kwa Kagoma mvutano ulilipa, maana alikuwa kiungo mkabaji bora wa timu. Lakini fainali ya marudiano ya Shirikisho dhidi ya RS Berkane, Mei 25, iliyohamishiwa New Amaan Zanzibar, ilimalizika kwa machungu yake. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 Morocco. Joshua Mutale akafunga mapema, uwanja ukalipuka. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Kagoma akaonyeshwa kadi nyekundu. Mukwala akatia mpira wavuni, VAR ikakataa. Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza, jumla 3-1, kombe likaenda.

Tuseme ukweli: timu iliyoundwa miezi kumi tu kabla kufika fainali ya Afrika si jambo la kubeza. Kocha Fadlu Davids alipewa wachezaji wengi wachanga waliokuwa hawajawahi kucheza pamoja, akawafikisha hapo. Klabu nyingi hapa Afrika Mashariki zingefanya sherehe ya wiki nzima.

Halafu nyundo ikashikwa tena

Hapa ndipo dirisha la 2025 lilipotia wasiwasi. Hoja ya 2024 ilikuwa uvumilivu: leta vijana, wape muda, msimu wa pili watakuwa wamekomaa. Msimu wa pili ulipofika, nusu ya hoja haikuwepo. Debora ameondoka. Nouma ameondoka. Ngoma ameondoka. Che Malone amekwenda USM Alger. Na Tshabalala, aliyetua Simba 2014 kutoka Kagera Sugar akakua hadi kuwa nahodha, amekwenda Yanga.

Chama 2024, Tshabalala 2025. Wote mikataba iliisha, wote walivuka upande uleule. Safari ya kwanza unaweza kuita ajali. Ya pili inaonyesha kwamba Msimbazi mazungumzo ya mkataba mpya yanaanza mchezaji akiwa tayari ana ofa nyingine mfukoni. Na gharama yake inaonekana palepale: kwa kuwa Nouma hakuiva kuwa mrithi, klabu ililazimika kuingia sokoni kutafuta beki wa kushoto upya. Nafasi ambayo kwa miaka zaidi ya 10 haikuwa na swali ikawa na swali.

Waliokuja mwaka 2025 walikuwa wa aina nyingine. Rushine De Reuck alitoka Mamelodi Sundowns, akiwa amezoea mechi kubwa. Jonathan Sowah alikuwa ameshaijua ligi yetu kupitia Singida Black Stars, hakuhitaji miezi ya kuzoea viwanja wala waamuzi. Allasane Kante, kiungo, alitoka CA Bizertin ya Tunisia. Walikuwa watu wa kutumika papo hapo. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani hadi wakati huo mashabiki walikuwa wamekaa bila ubingwa tangu 2020/21 na Yanga ilikuwa imeshabeba mara nne mfululizo. Hakukuwa na mwenye hamu ya kusikia neno ‘tunajenga’ tena.

Lakini safu ya nyuma ilipobadilishwa, Camara alilazimika kuanza upya kujifunza nani anaruka na nani anabaki. Hamza, aliyezoeana na Che Malone, akalazimika kujifunza lugha ya De Reuck. Kagoma aliyekuwa na Ngoma akampata Kante. Yanga ilikuwa imebadilisha makocha kila kukicha na bado ikashinda, kwa sababu uti wa mgongo wake haukuguswa: Djigui Diarra golini, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto nyuma, Mudathir Yahya katikati, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli mbele. Simba ilianza kwa kujaribu kinyume chake, kubaki na kocha na kubadilisha uti wa mgongo.

Sowah alitarajiwa kuwa jibu la zile dakika 270. Ni straika wa kugombana na mabeki, kitu ambacho Ahoua si asili yake na Mukwala hukifanya siku moja moja. Matumaini yalikuwa kwamba akielewana na Mpanzu, mabeki wa Yanga wasingelala mapema.

Jaribio la kwanza halikuwa mbali. Ngao ya Jamii ilikuwa Septemba 16, 2025, Simba na Yanga, Benjamin Mkapa. Ahoua aliisubiri akitafuta bao lake la kwanza dhidi ya mtani. Na upande wa kushoto wa ulinzi, swali lilikuwa kama Tshabalala angeanza, safari hii akiwa kambi ya kijani na njano.