Hiyo Skrubu Iacheni! Tunalipia Spea, Hatulipii Kufikiri

Mitihani imenibana mpaka kooni, lakini kuna kitu kimenikaa rohoni na nisipokitoa leo sitasoma hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo leo hakuna habari za wali wa kantini wala za maji kukatika hosteli. Leo naongea na mafundi magari wa Arusha, na zaidi yao naongea na sisi tunaowapelekea hayo magari.

Nasema hivi: skrubu ya sailensi si dawa. Kwa wasiojua, sailensi ni ule mzunguko wa injini gari ikiwa inaunguruma imesimama, mguu haupo kwenye mafuta. Gari ya petroli ya zamani ikishindwa kutulia hapo, ikatetemeka, ikapanda na kushuka, au ikazima kila ukifika kwenye kona, fundi wetu anafanya nini? Anafungua boneti, anachukua bisibisi, anazungusha skrubu, gari inanguruma kwa nguvu, anasema "tayari bosi". Jamani! Hiyo ni sawa na kuongeza sauti ya redio ili usisikie mtoto analia. Mtoto bado analia.

Kwa nini mimi, mwanafunzi tu, nipige kelele? Kwa sababu ada yangu inatembea kwa magurudumu manne. Mjomba ana Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya 2.25. Inabeba nyanya kutoka Ngare Nanyuki, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inashuka Usa River mpaka soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Ikilala, nyanya zinaoza, na mimi napigiwa simu kwamba "mwanangu, ongea na wahasibu wakusubiri kidogo".

Mwaka jana ikaanza kuzimazima. Gereji ya kwanza wakapandisha sailensi. Ikatembea wiki mbili. Gereji ya pili wakasema kabureta imekufa, nunua nyingine. Gereji ya tatu wakasikiliza nusu dakika, wakatikisa kichwa: "Mzee wangu, injini imechoka, tafuta nyingine." Hesabu waliyotaja ni ya kuuza ng'ombe wawili. Katika gereji zote tatu hakuna aliyepima chochote. Hata plagi moja haikufunguliwa!

Aliyeimaliza kazi ni mzee mmoja wa Usa River, hana bango wala jina ukutani. Alizima gari, akapapasa mipira yote inayoingia kwenye manifoldi, mmoja baada ya mwingine, mpaka akakuta ule unaokwenda kwenye sevo ya breki umepasuka kwa chini, mahali pasipoonekana. Mpira wa bei ya chipsi kuku. Ndugu zangu, hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na si kwa sababu ya pesa.

Sevo ndiyo inayomsaidia dereva kukandamiza breki, na nguvu yake inatokana na injini kufyonza hewa kupitia mpira ule ule. Mpira ukipasuka, mambo mawili yanatokea pamoja. Hewa isiyopimwa inaingia kwenye injini, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, sailensi inavurugika. Na breki zinakuwa nzito. Mjomba alilalamika kweli kwamba breki nzito, akaambiwa mguu wake ndio umezeeka! Sasa fikiria gari imejaa matenga ya nyanya, na vijana wawili wamekaa juu, inashuka. Sailensi mbaya ilikuwa ndiyo kengele ya hatari. Aliyezungusha skrubu aliinyamazisha kengele, ubovu akauacha pale pale. Na gari yenye sailensi ya juu inasukuma yenyewe hata ukiachia mafuta, kwa hiyo kwenye mteremko alimwongezea mzee kazi badala ya kumpunguzia.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kila fundi wa huku alitakiwa kukijua kabla hajajua jina la mkewe: mwinuko. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mlima Meru wenyewe unapita mita 4,500. Kwa mwinuko wa mjini tu hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta haina akili, inapima petroli kwa vitundu vyake. Kabureta iliyosetiwa Dar ikaletwa huku itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake moshi mweusi, plagi zina masizi, harufu ya petroli, sailensi inagugumia. Ukiipeleka gari hiyo juu zaidi, kwenye vijiji vya mlimani, inazidi. Hapo unatakiwa kugusa skrubu ya mchanganyiko, taratibu, ukisikiliza, mpaka injini ilainike. Hiyo ni skrubu nyingine kabisa! Wengi wanazichanganya, au wanagusa ile iliyo rahisi kufikia.

Na kabla ya kugusa skrubu yoyote kuna utaratibu. Sikuutunga mimi. Umo kwenye vitabu vya gari hizi na umo vichwani mwa wazee wanaojua kazi.

Unaanza na hewa. Eya klina ya Land Rover hizi ni ile ya kuogea oili. Kwa vumbi la Ngare Nanyuki, ile oili inageuka uji mzito na injini inakosa pumzi. Kisha mipira na gasketi ya manifoldi. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma, mbali na mambo ya umeme. Mlio ukibadilika, hapo ndipo inapovuja. Nimeona kwa macho yangu watu wakidondoshea PETROLI kwenye manifoldi ya moto kutafuta uvujaji. Hao wanatafuta kuungua wala hawatafuti ubovu.

Unafuata moto. Plagi zinaongea zenyewe. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe mno, hewa imezidi. Yenye oili, hapo ndipo uanze kuiwazia injini mabaya. Gari ikiwa inamisi, chomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Dakika tano tu! Angalia na pointi kwenye distribyuta. Kwa injini hii nafasi yake ni milimita 0.35 mpaka 0.40, na zikiungua au zikikaribiana mno huwezi kupata sailensi hata ukeshe.

Halafu valvu. Kwenye 2.25 ya petroli nafasi ni milimita 0.25, za kuingizia na za kutolea sawa. Petroli ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na injini nyingi zilizotengenezwa zamani zilitegemea risasi ile kulinda viti vya valvu. Kiti kikiliwa, nafasi inajibana, valvu haifungi sawasawa, na kitu cha kwanza kulalamika ni sailensi. Pima nafasi, pima kompresheni. Ndipo useme injini imechoka, ukiwa na namba mkononi.

Kabureta inakuja mwisho. Na hata hapo si ya kutupa. Zenith 36IV zilizofungwa kwenye hizi Series zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima: uso wa kifuniko unapinda, kale kampira ka duara ndani kanakakamaa, petroli inapita isikotakiwa. Unausawazisha uso kwa msasa laini juu ya kioo, unaweka kampira kapya. Eti kabureta imekufa!

Wenye Prado na Escudo za petroli zenye kompyuta msinicheke. Kwenu ni vile vile. Mlango wa hewa ukijaa uchafu, au kivalvu cha sailensi kikinata, dawa yake ni kusafisha. Fundi akigusa skrubu ya kuzuia mlango ule anaidanganya kompyuta, na kuanzia hapo mtazunguka kama pia.

Najua nitakachojibiwa. "Dogo, umeshika spana lini wewe?" Haya, sijashika. Lakini kupima si siri ya jando. Na sisemi mafundi wote ni wasanii, maana aliyeokoa ada yangu ni fundi, na mikono yake ina oili kuliko ya wote waliomtangulia.

Sasa nigeuze kidole, maana ubaya hauko gereji peke yake. Uko kwetu. Fundi akikuambia "nataka elfu kadhaa za kutafuta ubovu", tunamwona mwizi. Akikuambia "kabureta imekufa", tunatoa laki bila kubisha, kwa sababu kabureta tunaiona, tunaishika. Tunalipia spea, hatulipii kufikiri. Sasa kwa nini fundi afikirie bure? Anaua kabureta, anapata cha juu dukani, anakula na wanawe. Yule mzee wa Usa River alitumia asubuhi nzima, akabadilisha mpira mmoja, na mjomba akaona aibu kumlipa zaidi ya bei ya mpira mpaka shangazi alipomfokea. Halafu tunashangaa vijana hawataki kujifunza kazi ya yule mzee!

Oktoba 2024 jiji hili lilijaa Land Rover kwenye tamasha, tukapiga picha, tukajisifu kwamba Arusha ndiyo nyumbani kwao. Sawa, nami nilifurahi. Lakini kujisifia gari halafu kuiua kwa bisibisi moja ni unafiki. Hizi gari zinatoa nyanya, ndizi na wagonjwa mahali ambapo basi halifiki. Hazihitaji sifa. Zinahitaji mtu wa kuzisikiliza, na mwenye gari wa kumlipa mtu huyo.

Kwa hiyo safari ijayo gari yako ikikosa sailensi, muulize fundi maswali matatu. Umepima nini? Umekuta nini? Ukibadilisha hiki, utajuaje kwamba ndicho? Akijibu, mlipe vizuri, hata kama ametumia mpira wa bei ya chipsi kuku. Asipojibu, chukua ufunguo wako uondoke. Na akisogea na bisibisi kabla hajajibu, mwambie mpwa wa mwenye Land Rover ya nyanya amesema: hiyo skrubu iache!

Narudi kwenye madaftari. Kesho takwimu, niombeeni.