Karatasi za mikutano: tupunguze bila kumwacha mtu nje

Kila semina ya wauguzi, walimu au wanasheria inayofanyika Goma, Bukavu, Butembo au Bunia inaacha rundo la karatasi: programu, hotuba, ripoti, orodha za majina. Nyingi hazisomwi. Baada ya siku chache zinaonekana sokoni, zimefungia karanga.

Tufanye hesabu. Ripoti ya kurasa 40 kwa watu 120 ni kurasa 4,800. Ikichapishwa upande mmoja, ni karibu rame 10, yaani kilo 24 za karatasi. Kuchapisha pande mbili kunaondoa nusu ya mzigo huo papo hapo.

Wengine wanasema tupunguze karatasi ili tuokoe misitu yetu. Nia ni njema, lakini tuseme ukweli: msitu wa Virunga unakatwa zaidi kwa ajili ya makala ya kupikia na mashamba, si kwa ripoti za semina. Hasara yetu ya kwanza ni feza. Feza hiyo ingelipa usafiri wa muuguzi wa kijijini ambaye hakualikwa.

Katika mkutano wa Rio+20, uliofanyika Rio de Janeiro mwezi wa sita 2012, Umoja wa Mataifa uliweka hati kwanza kwenye intaneti. Aliyehitaji karatasi aliomba, akachapishiwa. Karatasi haikufutwa. Kilichoachwa ni desturi ya kumgawia kila mtu bila kumuuliza.

Kwetu jambo hilo ni zito zaidi. Tukituma kila kitu kwa WhatsApp, mwenye simu ndogo anakaa mkutanoni kama mgeni, na mara nyingi huyo ni mama aliyetoka mbali. Atapigaje kura juu ya maneno asiyoyaona?

Kuna na hatari nyingine: orodha ya waliohudhuria, yenye majina, namba za simu na saini. Katika majimbo yenye vita, orodha iliyotupwa ovyo inaweza kufika mikononi mwa mtu mbaya. Iwe nakala moja, itunzwe na mtu mmoja, na kazi yake ikiisha ichomwe.

Basi waandaaji, hata wa sinodi zetu, waulize mapema: nani anahitaji karatasi? Maamuzi yasomwe kwa sauti, kisha kila mjumbe arudi nyumbani na ukurasa mmoja wa maamuzi hayo. Huo utasomwa kijijini. Zile kurasa 40 zinabaki juu ya kiti.