Waliobeba Mizigo na Waliowapokea Usiku

Aisifuye mvua imemnyea. Wahenga waliposema hivyo walitufunza kumpima msemaji kabla ya kuyapokea maneno yake: je, amelowa, au amekuwa akiitazama mvua dirishani? Methali hii inafaa tuwe nayo mkononi tunapoyatazama mapenzi makubwa ambayo watu wa Uingereza wanayo kwa malori yao ya kale. Huko wapo watu, aghalabu wazee waliostaafu, wanaonunua lori bovu lililoozea shambani, wakalifungua kipande kwa kipande, wakalipaka rangi upya, wakaliandika ubavuni kwa mkono jina la tajiri wake wa zamani, kisha wakalipeleka kwenye maonyesho ili watu wapate kuusikia tena mlio wa injini yake. Katika mji wa Leyland, jimbo la Lancashire, pana jumba zima la makumbusho ya magari ya kazi.

Msomaji wetu huenda akauliza: sisi na malori ya Waingereza, wapi na wapi? Jibu ni kwamba nyumba nyingi za mwambao huu zimekula riziki iliyoletwa na malori hayo. Leyland, Albion na Bedford ni majina ambayo wazee wetu waliyatamka kama walivyoyatamka majina ya jirani. Yaliteremshwa bandarini, yakapanda barani na shehena, na katika miaka ya 1970 Leyland wakawa na kiwanda chao cha kuunganisha magari mjini Thika. Lakini leo twataka kuyatazama kwao yalikozaliwa, kwani huko pana jiwe moja la kumbukumbu lenye funzo kwetu.

Mwaka 1896 watu wawili, James Sumner na Henry Spurrier, waliungana katika mji huo wa Leyland kuunda magari ya mizigo yaendayo kwa mvuke. Mwaka 1907 kampuni yao ikaitwa Leyland Motors. Huko Glasgow, Uskoti, Albion ilikuwa imeanza mwaka 1899. Bedford ilikuja nyuma, mwaka 1931, kutoka mji wa Luton, na katika Vita Vikuu vya Pili kiwanda hicho kilitoa takriban magari 250,000 kwa ajili ya jeshi. Katika mji mdogo wa Sandbach waliishi akina Foden, mafundi mashuhuri wa magari ya mvuke. Mmoja wao, Edwin Richard Foden, aliamini kwamba zama za mvuke zimepita na kwamba dizeli ndiyo yenye kesho. Akatoka katika kampuni ya jamaa zake na mwaka 1933, pamoja na mwanawe, akaanzisha ya kwake katika mji ule ule, akaiita ERF kwa herufi za mwanzo za jina lake. Kwa miaka mingi kampuni mbili za damu moja zikashindana katika mji mmoja, na malori ya zote mbili yakasifiwa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Katikati ya miaka ya 1950, lori kubwa la ekseli nne liliruhusiwa kufikia tani 24, uzito wake na shehena yake pamoja. Injini mashuhuri ya wakati huo, Gardner ya silinda sita, ilikuwa na nguvu za farasi mia moja na ushei tu. Lori la leo la masafa marefu huwa na zaidi ya 400. Usukani ulizungushwa kwa nguvu za mabega. Gia zilitaka sikio, kwani dereva aliusikiliza mlio wa injini, akakanyaga klachi mara mbili, ndipo akaitia gia bila ya kuisaga. Injini ilikaa ubavuni mwake, ndani ya chumba kile kile alichokalia, ikimpigia kelele mchana kutwa. Malori mengi hayakuwa na kifaa cha kutia joto, na katika baridi ya nchi ile dereva alijifunika gunia au blanketi magotini. Akiwa na bahati alikuwa na msaidizi, utingo, au taniboi kama wengi wetu tulivyozoea kumwita.

Shehena nayo ilipangwa kwa mkono, ikafunikwa turubali, ikafungwa kwa kamba. Ustadi wa dereva ulijulikana kwa mafundo yake. Kamba ikilegea njiani, turubali hupeperuka, mvua ikaingia kwenye sukari au unga, na mali ya watu ikaharibika. Dereva hakuimiliki sukari ile, wala aghalabu hakulimiliki lori. Alichokuwa nacho ni amana aliyokabidhiwa, na usiku wa manane, akiwa peke yake barabarani, hapakuwa na wa kumsimamia ila nafsi yake.

Hadi mwaka 1957 sheria ya Uingereza ilikataza malori mazito kwenda kasi kuliko takriban kilomita 32 kwa saa. Sheria ya mwaka 1930 nayo ilikuwa imemkataza dereva kuendesha zaidi ya muda wa saa 11 katika kila saa 24. Sasa na tupige hesabu. Kutoka London hadi Glasgow ni zaidi ya kilomita 600. Kwa mwendo ule, hata barabara ikiwa tupu, safari haipungui saa 19. Basi dereva hakuwa na budi kulala njiani, akifika na kupakia tena, kulala njiani mara nyingine. Wengine waliondoka nyumbani Jumatatu alfajiri wakarejea Jumamosi. Watoto wao walikua wakimjua baba kwa sauti ya lori lake kuliko kwa sura yake.

Walilala wapi? Hapa ndipo tunapoomba kina mama watusikilize zaidi. Kando ya barabara kuu na pembezoni mwa miji palikuwa na nyumba za kulaza madereva, na nyingi kati ya hizo ziliendeshwa na wanawake. Mwenye nyumba alipokea watu waliolowa, wenye mikono ya grisi na matope viatuni. Alikuwa na chakula cha moto kilichowekwa jikoni kwa ajili ya atakayechelewa, maji ya kunawa, kitanda, na aghalabu aliwaamsha kabla ya mapambazuko. Picha za malori yale zimejaa vitabuni. Jiko la mama yule halikupigwa picha. Hata usukani wenyewe wanawake waliushika. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili maelfu walivaa sare wakaendesha magari mazito ya jeshi, na mwaka 1945 Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, alifunzwa udereva na ufundi wa magari katika jeshi la wanawake la nchi ile. Vita vilipokwisha, wengi waliambiwa warejee majumbani, na kazi ya lori ikahesabiwa tena kuwa ya wanaume.

Sasa tulifikie jiwe letu. Katika barabara ya zamani iendayo Uskoti, kati ya mji wa Kendal na mji wa Penrith, pana mlima uitwao Shap. Kileleni barabara hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 400. Kwa lori lenye nguvu ndogo na mzigo mkubwa, Shap ilikuwa mtihani wa kupanda na mtihani mkubwa zaidi wa kuteremka, maana breki za zama zile zilipata moto na kupoteza nguvu. Majira ya baridi theluji iliifunga njia, na malori yakakwama yakiwa yamepangana. Mwaka 1970 barabara kuu mpya, M6, ilifunguliwa sehemu ile, na njia ya kale ikabaki kimya.

Watu hawakuiacha isahaulike. Kileleni mwa Shap, kando ya njia ile, limesimamishwa jiwe la kumbukumbu. Tumesoma yaliyoandikwa juu yake, na kilichotugusa ni orodha ya wanaoshukuriwa. Kwanza ni madereva na wasaidizi wao, walioziunganisha pande mbili za nchi kwa njia ngumu. Kisha ni waliojenga barabara ile na kuitunza. Mwisho, na hili ndilo lililotufanya tusite na kusoma tena, ni wenyeji wa pale, kizazi baada ya kizazi, waliowapa chakula na hifadhi bure wasafiri waliokwama katika dhoruba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na watu wa Shap wameandikiwa urafiki huo katika jiwe.

Twaona jiwe hili ni la haki kuliko mapenzi ya chuma peke yake. Hatumlaumu anayelipenda lori la kale. Ni kazi ya mikono ya mafundi hodari, na kulitunza ni kuwaheshimu. Lakini anayekumbuka rangi na mlio wa injini tu ameitazama mvua dirishani. Waliolowa wana masikio yaliyozibwa na kelele za injini, migongo iliyopinda kwa kupakia, na wake waliohesabu saa usiku wa theluji. Tukisema kwamba zama zile zilikuwa njema, tuseme pia ni nani aliyelipa gharama ya wema huo.

Viwanda vyenyewe havikudumu vyote. Mwaka 1968 majina mengi yaliunganishwa katika kampuni moja kubwa, British Leyland, na mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua. Kiwanda cha AEC kilichokuwa Southall kilifungwa mwaka 1979, cha Scammell huko Watford mwaka 1988, na lori la mwisho la Foden lilitoka kiwandani mwaka 2006. Kila mlango uliofungwa ulikuwa na familia nyuma yake. Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mjini Leyland malori yanaundwa hadi leo, ingawa yanabeba jina la DAF.

Turudi kwetu. Njia ya kutoka Mombasa kwenda bara ilikuwa na mlima wake wa Mazeras, vumbi lake, na mito iliyofurika wakati wa masika. Madereva na mataniboi waliokwama walipikiwa na kulazwa na watu ambao hawakuwajua. Wake zao, mama zetu na bibi zetu, walibaki majumbani wakiendesha nyumba kwa wiki nzima, wakikopa dukani kwa ahadi ya safari itakaporejea. Jiwe la kuwashukuru hatujalisimamisha, na wengi wao wametangulia. Waliosalia ni wazee sana.

Basi tunaziomba familia zinazotusoma zifanye jambo moja lisilo na gharama. Kama nyumbani mwenu yupo mzee aliyeshika usukani wa Bedford au Leyland, kaeni naye baada ya chakula, mmuulize alilala wapi, nani alimpikia, na ni mzigo gani aliowahi kuuhofia. Mtoto mmoja aandike majibu katika daftari, pamoja na majina ya mahali na ya watu. Kisha, kabla ya kulifunga daftari hilo, mgeukieni bibi aliyekaa upande wa pili wa mkeka, mmuulize yeye alikuwa akifanya nini usiku zile ambazo lori lilichelewa kurudi.