Wakfu, Harambee na Deni la Idara za Kiswahili kwa Lamu

Miongoni mwa mambo yanayonadiwa katika idara za Kiswahili za Afrika ya Mashariki ni kwamba wahitimu wafunzwe kuwachangia wanafunzi wanaowafuata, kama wafanyavyo wenzao wa Harvard na Oxford. Wazo lenyewe halina ubaya. Ubaya umo katika dai linaloandamana nalo: kwamba desturi hiyo ni ngeni na sharti ianzwe kwa alifu. Mhadhiri anayedai hivyo, ilhali riziki yake ni kufundisha tendi za Lamu na Pate, ama hajui ama amejisahaulisha jinsi elimu iliyozilea tungo hizo ilivyogharimiwa.

Msikiti wa Riyadha na chuo chake, vilivyoasisiwa Langoni, mjini Lamu, na Habib Swaleh Jamalilleil ilipokuwa karne ya 19 inakaribia ukingoni, havikusimama kwa fedha za serikali. Vilisimama kwa sadaka na wakfu. Tena mlango ulifunguliwa hasa kwa wale ambao baadhi ya waungwana wa Mkomani hawakupenda kuwaona wakidurusu vitabu: wazao wa watumwa, na wageni wasio na nasaba mjini. Waliosoma hapo walitawanyika pwani nzima wakafungua vyuo vyao, na wengi wakawa wakirejea kila Mfunguo Sita kwa Maulidi. Ikiwa huo si uhusiano wa wahitimu na chuo chao, basi neno hilo halina maana.

Hati za Riyadha zenyewe ni ushahidi. Zilipopigwa picha katika miaka ya 2010 kwa ufadhili wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ilidhihirika kwamba vitabu kadhaa vina maandishi ya kuviweka wakfu. Mhakiki aliyezoea kuyapita maandishi hayo akikimbilia matini apaswa kurudi nyuma. Kitabu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakirudi kwa aliyekitoa. Manufaa yake ni ya msomaji asiyejulikana, ambaye pengine hajazaliwa.

Linganisha na harambee, ambayo ndiyo sura wanayoijua zaidi wahitimu wa Kenya. Katika harambee jina hutajwa kwa kipaza sauti, kiasi kikatajwa, watu wakapiga makofi, na kesho yake mfuko ni mtupu. Mwanafunzi aliyesaidiwa hubaki na deni la shukrani kwa mtu mmoja, mara nyingi mwanasiasa. Haidhuru harambee imejenga shule ngapi nchini (nazo ni nyingi mno). Haiwezi kumvusha mwanafunzi miaka minne ya shahada, sembuse miaka ya utafiti.

Si kwamba wakfu ulikuwa pepo. Pwani haikosi visa vya wasimamizi waliokula mali waliyopewa kuitunza. Lakini ubovu wa msimamizi si ubovu wa asasi, na anayeukataa wakfu kwa hoja hiyo angepaswa kuvikataa vyuo vikuu pia.

Liko deni lingine lisilosemwa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Hichens na Dammann tungo nyingi kwa mkono wake. Mwaka 1940 Dammann alichapisha Hamburg kitabu kikubwa cha tungo za lahaja ya Kiamu. Hati za Hichens ziko London. Tangu hapo shahada zisizo na idadi zimepatikana kwa kuzifasiri hati hizo, na si Ulaya tu: Nairobi na Dar es Salaam nazo zimo. Waliopata shahada hizo ni wahitimu. Wanapoulizwa wachangie nini na kwa nani, jibu lisitafutwe mbali.

Kwani huyo kijana wa Faza au Siyu, anayeivuka bahari kwa mashua hadi Mokowe ndipo aanze safari ya basi, hupewa nafasi gani akifika katika semina ya ushairi? Huulizwa maana ya neno. Akishalieleza, wengine huliandikia makala. Yeye hugeuzwa kamusi, na asipokuwa na ada ya uzamili hurudi kwao akiwa kamusi vilevile. Elimu ya tendi za kaskazini inapotea kwa njia hii mbele ya macho ya wale wanaolipwa kuihifadhi.

Watasema wengine kwamba kusomesha ni kazi ya serikali. Kweli. Tangu miaka ya 1990 serikali ya Kenya imekuwa ikimsogezea mwanafunzi gharama. Bodi ya Mikopo iliundwa mwaka 1995, na mwaka 2023 ukaanzishwa mfumo wa kupima uhitaji wa kila jamaa. Hakuna mchango wa mhitimu unaopaswa kuwa kisingizio cha kuendelea hivyo. Lakini mkopo hulipwa na aliyekopa, na aghalabu hatima yake ni mtu kuikimbia fasihi atafute kazi yenye mshahara wa haraka. Wakfu haudai.

Basi idara iliyo tayari ianze na nyumba moja ya kupangisha, au fungu lisiloguswa ila faida yake, na sharti liandikwe kwamba wa kwanza kunufaika ni mwanafunzi wa visiwa vya Lamu anayehariri hati za kwao. Usimamizi wapewe watu walio nje ya idara, mmoja wao akitoka Lamu yenyewe. Anayesahihisha mitihani ya mwanafunzi asiwe ndiye anayeshika ufunguo wa kasha.