Rangi Isiyoshika Ukuta

Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo linalopoteza fedha za nyumba nyingi na za madrasa pia, nayo ni rangi mpya inayobambuka kabla ya mwaka kwisha.

Katika Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu huzilowesha kuta asubuhi na jioni. Kwa hiyo watu wengi hupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta, ili matope yafutike upesi. Rangi hiyo ikikauka huteleza kama kioo. Fundi akipaka rangi ya maji juu yake, haipati pa kujishika. Masika yakipita hutoka vipande vipande, na mwenye nyumba hulilaumu kopo. Mara nyingi kopo halina kosa. Kosa ni kazi iliyorukwa.

Kwanza ijueni rangi ya zamani. Isugueni kwa kitambaa chenye spiriti: ikilainika na kutoka, ni ya maji; isipotoka, yaelekea ni ya mafuta. Hiyo ya mafuta ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, isuguliwe kwa msasa wa maji mpaka mng'ao wote ufe, ifutwe vumbi, iachwe ikauke kabisa. Kisha ipakwe praima ya kushika juu ya mafuta, ndipo rangi yenyewe ifuate. Jaribuni kwanza mahali padogo: baada ya wiki moja bandikeni selotepu, muivute kwa nguvu. Rangi ikitoka nayo, msiendelee.

Bati jipya lina hila yake. Zinki iliyo juu yake hugeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, nayo rangi huachia. Lioshwe mafuta ya kiwandani, lipewe praima ya mabati ya zinki.

Kazi hii ifanywe kati ya Juni na Oktoba, mvua ikipungua. Ianze ukuta ukishakauka umande, iishe kabla ukungu haujashuka.

Tena twawasihi wazazi na walimu: rangi za kale huweza kuwa na risasi, na vumbi lake likimezwa na mtoto hudhuru akili yake. Msisugue kavu. Watoto wakae mbali, maganda yazolewe, na sakafu ipigwe deki.

Naye aliyepaka rangi ya mafuta asisahau kucha zake, kwani tabaka hiyo huzuia maji ya udhu yasifike mwilini. Aiondoe kwa mafuta ya kupikia na sabuni kabla ya kutawadha.

Basi mnapopatana na fundi, bei ya kuosha na kusugua itajwe mbele ya bei ya kupaka. Fedha ya madrasa ni sadaka za watu, nyingine zimetoka kwa wajane. Si haki kuzitandaza juu ya ukuta usiotayarishwa.