Mlozi si mfumu

Mwandishi wa makala, unaposema Wanyamwezi wa zamani hawakutofautisha mchawi na mganga umeteleza. Kinyamwezi kina bulogi kwa uchawi na mfumu kwa mganga apigaye ramli, mizizi miwili kabisa. Na huo wa kwanza haukuja Tabora, kwa Wanyamwezi, na misafara ya pwani: Kiswahili kina kuroga na mlozi, Kiganda omulogo, Kikikuyu murogi, hata ndoki ya Kongo ni ndugu yao. Aliyewatia kapu moja ni mkoloni, kwa Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya 1928, iliyohesabu hata kudai elimu ya siri kuwa uchawi. Msomaji mwingine anauliza, je, dawa ileile si huponya na kuua? Kweli, dawa haina upande. Lakini mganga hutundika kibao barabarani chenye namba ya simu. Mlozi hana kibao, jina lake hupewa na jirani, mara nyingi bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Na anayemthibitishia jirani ni mpiga ramli. Hao wapiga ramli ndio serikali ya Tanzania iliowapiga marufuku Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino.