Nyumba bila hati wala bima: Funzo la Mtabila kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo

MWISHONI mwa mwaka 2012, magari yaliyobeba wakimbizi wa Burundi yaliondoka Mtabila, wilayani Kasulu, kwa mara ya mwisho na kambi ikafungwa. Katika miezi mitatu tu ya mwisho, zaidi ya watu 30,000 walikuwa wamerejeshwa kwao.

Kwa Serikali na mashirika ya wakimbizi, huo ulikuwa mwisho wa kazi iliyoanza baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1993. Kwa wakulima na wachuuzi wa jirani, ulikuwa mwisho wa soko. Kambi ya ukubwa ule hula maharage, ndizi, muhogo na mafuta ya mawese kila siku, na aliyejenga fremu ya duka kwa kuwategemea wateja wa kambini alibaki na kuta, bati na deni.

Leo Mtabila ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Ardhi yake haiuzwi na haigawiwi, hata kama atatokea mtu mwenye maneno matamu anayesema anamfahamu mkubwa fulani. Lakini vijiji vinavyoizunguka, na miji ya Kasulu na Kibondo, vinaendelea kujengwa. Nyumba za tofali za kuchoma zinaongezeka, vilevile maduka ya kando ya barabara. Kinachoongezeka polepole ni karatasi za kuzilinda.

Wengi wana karatasi ya aina moja tu, yaani hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, ikawekwa sahihi na muuzaji, mashahidi wawili na mwenyekiti wa kitongoji, pengine na muhuri. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba fedha zilitolewa, lakini haithibitishi peke yake kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, anayesimamia ardhi ya kijiji ni Halmashauri ya Kijiji. Hata hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake, awe wa kitongoji au wa kijiji, hana mamlaka hayo. Mauziano yasiyopita kwenye halmashauri hiyo yanaweza kubatilishwa, na mnunuzi akabaki kumtafuta muuzaji ambaye huenda amekwisha kuhama.

Mnunuzi makini huomba kuona muhtasari wa kikao kilichopitisha uhamisho huo, na hubaki na nakala yake. Huuliza pia kama muuzaji ana mke au mume. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na kesi nyingi huanzia hapo, pale mwenzi anaporudi kutoka msibani na kukuta mgeni anapima msingi.

Hatua inayofuata ni hatimiliki ya kimila. Hati hiyo ina hadhi sawa na hati zinazotolewa mijini, haina ukomo wa miaka kwa mwanakijiji, na inaweza kuwekwa dhamana. Mpango wa kurasimisha rasilimali za wanyonge, MKURABITA, ulioanzishwa mwaka 2004, ulijengwa juu ya wazo hilohilo kwamba mali ya maskini isiyo na karatasi ni mtaji uliolala. Ni kweli kwamba si kila benki huipokea hati ya kimila kwa furaha. Hata hivyo, faida yake ya kwanza si mkopo, bali ni pale jirani anaposogeza mpaka au mtoto wa marehemu anapojitokeza kudai.

Mgogoro ukizuka, ngazi ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Mabaraza ya kata, ambayo zamani yaliamua kesi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hufanya usuluhishi tu, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado wapo wanaotembea na hukumu za kata wakidhani zina nguvu ileile ya zamani.

Jambo jingine ni barabara. Ujenzi wa lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu umepandisha thamani ya viwanja vya kando, na kila mchuuzi anataka kuwa mbele. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara.

Ndiyo sababu ya alama za X ukutani. X nyekundu ina maana kwamba jengo lilikuwa ndani ya hifadhi ya zamani, hivyo mwenyewe hahesabiwi kuwa na fidia. X ya kijani ni ya aliyeingizwa na nyongeza ya mwaka 2007, na huyo anastahili kulipwa ardhi yake itakapotwaliwa. Wauzaji wajanja hupaka chokaa juu ya X kabla ya kumwonyesha mnunuzi kiwanja, lakini futi kamba ya mita 30 haigharimu kitu.

Anayestahili fidia ajue kwamba hesabu haiishii kwenye kuta. Thamani ya ardhi, miti na mazao ya kudumu huingia, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Picha za nyumba na shamba zilizopigwa mapema, zikiwa na tarehe, husaidia kuliko ubishi mbele ya mthamini.

Vivyo hivyo kwa mashamba ya mpakani mwa misitu. Mgogoro wa miaka mingi kati ya wakulima wa Kagera Nkanda na Hifadhi ya Msitu wa Makere Kusini, wilayani Kasulu, unaonyesha kwamba mtu anaweza kulima, kujenga na kuzaa watoto mahali ambapo ramani inamwita mvamizi. Kabla ya kununua, afisa ardhi wa wilaya aulizwe ramani inasema nini, si wazee peke yao.

Baada ya karatasi ya ardhi inakuja bima, neno ambalo vijijini huamsha kicheko au hasira. Kwa miaka mingi Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilikuwa peke yake sokoni, hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Ushindani ulikuja, lakini ulikaa mijini na kwenye vyombo vya moto. Mkulima wa Kasulu anaijua bima kama karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha gari ili trafiki asisumbue.

Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera na kuua watu wasiopungua 17, huku maelfu ya nyumba yakianguka au kupasuka. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wa mkoa huo waziwazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Wengi walichukizwa. Lakini hesabu ndiyo hiyo, kwamba nyumba binafsi ikianguka, anayeijenga upya ni mwenyewe, ndugu zake, au kampuni ya bima kama aliwahi kuilipa.

Kigoma nayo imo kwenye bonde la ufa la magharibi. Desemba 5, 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika na kutikisa nchi zote za mwambao. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekata bima asome vizuri karatasi yake. Bima ya kawaida ya moto hulipa moto na radi. Tetemeko, mafuriko na upepo mkali mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada, na kisichoandikwa hakilipwi.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni kutaja thamani ndogo ili walipe kidogo. Chukulia nyumba ambayo kuijenga upya ni sh. milioni 20, lakini mwenyewe ameikatia bima ya sh. milioni 10. Moto unaunguza vyumba viwili, hasara ya sh. milioni 8. Mwenyewe anatarajia sh. milioni 8, kwa kuwa haijafika kumi. Kampuni inasema aliikatia nusu ya nyumba, hivyo inalipa nusu ya hasara, yaani sh. milioni 4, na hapo bado haijakata kile kiasi cha kwanza ambacho mteja hubeba mwenyewe. Huo si wizi. Ni sharti lililomo kwenye mkataba, ingawa wakala hulisoma kwa sauti ndogo.

Kosa la upande wa pili ni kutaja thamani kubwa mno, ikiwamo ya kiwanja. Kiwanja hakiungui. Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuinua tena kuta, paa na milango kwa bei za leo za saruji, bati na mafundi.

Mpangaji wa fremu hawezi kuikatia bima nyumba ya mwenzake, lakini anaweza kuikatia bidhaa zake. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, walioumia kwanza walikuwa wenye mizigo ndani. Daftari la mauzo, risiti za manunuzi na picha za rafu ndivyo vitakavyothibitisha kilichokuwamo, na vitunzwe nje ya duka lenyewe.

Kabla ya kutoa fedha, mteja ahakikishe wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na adai stakabadhi. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haifanyi bima ianze. Maswali ya kwenye fomu yajibiwe kwa ukweli. Kama kuna stoo ya petroli ya madumu nyuma ya nyumba, iandikwe, maana kuificha ndiko kunakoipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Madai yakikataliwa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mwananchi anaweza kumfikia bila kuanzia mahakamani.

Nyumba ya nyasi au ya udongo hupata bima kwa shida, au kwa bei isiyolipika. Kwa wenye nyumba hizo, mfuko wa kikundi cha VICOBA uliotengwa kwa majanga peke yake ni afadhali, ilimradi usichanganywe na fedha za kukopeshana.

Umeme umeleta hatari mpya. Tangu Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, nyumba nyingi zimetandazwa nyaya, nyingine na vijana waliojifunzia kwa kuangalia. Fundi awe na leseni ya EWURA, na waya wa ardhini uwepo kweli, si kwenye mchoro tu. Nyanda hizi zina radi nyingi msimu wa mvua. Januari 2025, katika mkoa jirani wa Geita, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe. Ngurumo zikianza, televisheni ichomolewe, na watu wasijikinge chini ya mti.

Mali nyingine ya nyumbani ni wanyama. Mbwa wa Kasulu hafugwi kwa urembo. Hulinda mahindi dhidi ya nyani na ngedere, na huingia porini ambako hukutana na mbweha. Asiyechanjwa anaweza kurudi na kichaa. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na hati za nyumba, kwa sababu mbwa akimuuma mtoto wa jirani, swali la kwanza litakuwa hilo.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikianza hakuna dawa. Kumuua mbwa na kumtupa mtoni ni kosa, kwani afisa mifugo anamhitaji, ama mzima akiwa amefungwa, ama maiti yake, ili ijulikane kama alikuwa mgonjwa.

Kuku wao wauawa na mdondo. Chanjo ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na kuku wa kijiji kizima wakichanjwa siku moja gharama hupungua.

Hatari kubwa kuliko zote huenda ikawa ile inayonunuliwa dukani. Wafanyabiashara wa maharage hulala chumba kimoja na magunia, na kuyafukiza kwa vidonge ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua wadudu, na vilevile huua paka, mbuzi wa chumba cha pili na watoto. Vidonge hivyo havitumiki ndani ya nyumba inayolaliwa, hata kama dirisha limeachwa wazi. Mifuko ya PICS, yenye nailoni mbili ndani inayozuia hewa, huhifadhi maharage bila sumu yoyote. Sumu ya panya nayo iwekwe ndani ya kopo lenye tundu dogo, na panya waliokufa wafukiwe kabla paka na kuku hawajawafikia.